Kifusi cha Dutumi

Kisarawe,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mpwa wangu Shamsia,

Salamu kutoka huku mlimani. Ukungu wa asubuhi umeanza kurudi, na magoti yangu yalipata taarifa kabla ya watu wa hali ya hewa. Sisi ni wazima. Shangazi yako Firdausi anakusalimu na anauliza huko Iraki unakula nini, maana kwenye ile picha uliyotuma umebaki macho na kofia. Bibi yako yuko Dutumi, mzima. Mwaka wa pili sasa hajafinyanga chungu. Anasema udongo umekuwa mzito. Mimi ni nani nimwambie kwamba udongo ni uleule?

Umeniuliza kwa nini nisitumie simu kama binadamu wengine. Mwanangu, nimekuwa karani wa masijala miaka ishirini na saba. Jambo lisilo na karatasi kwangu mimi halijatokea. Kwa hiyo nitaendelea kuandika kwa mkono, Zaidi wa steshenari atapiga picha na kukutumia, nawe ukijibu atanichapia. Ubaya wa mpango huu ni mmoja tu: Zaidi anasoma. Juzi alinipa pole ya kikohozi ambacho nilikuwa sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

Sasa la nyumba yako. Pale Picha ya Ndege, Kibaha, majirani wote wanapaua, na boma letu lisilo na paa lilikuwa limekaa kama meno ya mzee. Fundi Lusajo akasema hawezi kumwaga jamvi la zege bila kifusi cha maana, kwamba mchanga wa pale utatitia mvua ya kwanza tu. Basi mjomba wako ametumia akili, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka. Nimepata kifusi kikavu, kigumu, cha bure kabisa. Tripu moja imeshaingia, imejaza sebule na vyumba vitatu. Ya pili itamalizia jiko na baraza. Usiniulize nimekitoa wapi. Wewe shukuru tu.

Ofisini wananiuliza kila siku unafanya nini huko. Nimewaambia unafukua dhahabu ya wafalme. Usiniangushe.

Mjomba wako,
Mwinyimadi


Kambini, kusini mwa Iraki,
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shangazi naye mpe shikamoo yake, na umwambie ninakula mkate, dengu na tende, na kwamba kofia ni kubwa, si mimi niliyepungua. Nisamehe kuchelewa. Mtandao tunaupata Ijumaa tu tukienda mjini, na Ijumaa tatu zilizopita upepo wa vumbi ulitufungia ndani.

Nitakuangusha, mjomba. Sifukui dhahabu. Sifukui hata shimo. Mimi ninaosha vigae. Nina beseni mbili, mswaki na kivuli cha turubai, na tangu nifike nimeosha vigae vingi kuliko sahani zote nilizowahi kuosha nyumbani kwako.

Mji wenyewe, ule wa wafalme na mahekalu, uko mbali kidogo na hapa. Sisi tuko kwenye kitongoji chake cha nje, walikokaa watu wa moto. Wafalme hawakutaka moshi, kwa hiyo wafinyanzi, wafua shaba na wachonga shanga waliwekwa huku kando ya mfereji. Ni zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Tunapata matanuri yaliyobomoka, kalibu za kutengenezea vinyago vya udongo, vitanda vidogo vya udongo vinavyoenea kiganjani, shanga zilizopasuka zikitobolewa. Na vyungu vilivyoharibika: vingine vimeungua mpaka vikagandana vitatu pamoja, na mtu akavitupa kwa hasira. Hasira yake ninaiona kabisa.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba kiongozi wetu wa uchimbaji haupendi sana mtungi mzima. Analipenda jaa. Anasema mtungi mzima unakuonyesha siku moja tu ya mfinyanzi, lakini jaa lake linakuonyesha maisha yake yote, tabaka juu ya tabaka, na ukilivuruga hata mara moja basi, halirudi tena. Nikamwambia bibi yangu ana jaa kama hilo nyuma ya jiko, na chini yake kuna la mama yake. Akaniomba nilichore kwa kukumbuka. Anataka nikirudi Aprili nilifanyie tasnifu yangu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, tafadhali mtu asiliguse jaa la Bibi, hata kuku akizuiwa nitafurahi. La pili: humu katika majaa tunapata vijungu vidogo sana, kimo cha kidole gumba, na hakuna anayejua vilikuwa vya nini. Nami nakumbuka nikiwa mdogo niliona kijungu cha namna hiyo juu ya jaa la Bibi, nikakiokota, na Bibi akanipiga. Ndiyo mara pekee aliyowahi kunipiga. Naomba umuulize kilikuwa cha nini.

Mpwa wako,
Shamsia


Kisarawe,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpwa wangu Shamsia,

Barua yako imefika, na kabla ya kunifikia mimi ilimfikia Zaidi, ambaye sasa anaeleza habari za matanuri ya Iraki kwa kila anayekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Ofisini nimeshushwa cheo. Kutoka mjomba wa mfukua dhahabu nimekuwa mjomba wa muosha vigae, na wameniuliza kama kazi hiyo inahitaji digrii. Nimewaambia inahitaji mbili.

Huku vuli imeanza vizuri. Mikorosho imebeba. Shangazi yako ameanzisha kikundi cha kusuka mikeka pamoja na jirani yetu Laurensia, na nyumba imejaa ukindu mpaka mimi nakaa kwa kuomba ruhusa. Lusajo ameshamwaga jamvi la sebule na vyumba, limetulia kama kioo. Jiko na baraza bado, lakini hilo lisikupe shida, nimemwambia asimame kwanza.

Kuhusu jaa. Majaa ndivyo yalivyo, mwanangu, leo kubwa, kesho dogo. Lipo.

Nilikwenda Dutumi kama ulivyoniagiza. Nilikodi pikipiki, nikapita Mzenga, njia yote matope, na nilifika nikiwa kama chungu ambacho hakijachomwa. Bibi yako alikuwa amekaa mbele ya nyumba. Siku hizi anakaa mbele. Nikamuuliza vile vijungu vidogo vilikuwa vya nini. Akaniuliza ni nani anayeuliza, mimi au wewe. Nikasema wewe. Akasema basi wewe ukija atakwambia, na mimi niingie ndani nile kabla ugali haujapoa. Nikala. Ilikuwa mlenda na samaki wa Ruvu, mtamu sana, ingawa sikuumaliza.

Fenesi la kwanza la msimu tumelikata jana. Tulikutaja.

Mjomba wako,
Mwinyimadi


Kambini,
Ijumaa, 6 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Umeniandikia kurasa tatu, na nilipomaliza kuzisoma nilijua habari za ukindu, fenesi na mlenda. Jaa umelipa neno moja. Nikajiuliza tangu lini mjomba wangu akawa mtu wa neno moja.

Oktoba Lusajo alinitumia picha ya sebule kabla hajamwaga zege, ili nione kazi inavyokwenda. Niliitazama haraka nikamshukuru. Leo nimeifungua tena, nikaikuza. Mbele kabisa, karibu na mguu wake, kuna kipande cha mdomo wa chungu, na chini ya mdomo kuna alama za ukucha, mbili zimelala na moja imesimama, mbili zimelala na moja imesimama. Hakuna mwingine anayetia nakshi hiyo. Pembeni yake kuna kingine, na kingine. Kutwa nzima kazi yangu ni kutambua vigae, mjomba. Vya nyumbani kwetu sikosei.

Nakuuliza kitu kimoja. Ni lote, au limebaki?

Shamsia


Picha ya Ndege, Kibaha,
Jumapili, 22 Desemba 2024

Shamsia mwanangu,

Hii naandika nikiwa ndani ya nyumba yako, nimekalia mfuko wa saruji, na nitaipiga picha kwa simu ya Lusajo. Zaidi hahusiki. Mambo mengine hata mimi naona aibu kuyasoma.

Limebaki nusu. Hilo ndilo jibu lako, na ungeweza kuishia hapo. Lakini nataka nikupe faili zima.

Mwanzoni mwa Septemba Bibi yako alikwenda msibani Maneromango, akakaa siku nne. Lusajo alikuwa ananisumbua kila siku kuhusu kifusi. Nikakumbuka lile lundo nyuma ya jiko, ambalo tangu utoto wangu lilinikata miguu. Nikaona nitamsafishia mama uwanja, na papo hapo nitampatia mpwa wangu msingi. Nikapeleka tipa. Vijana wa tipa walichota upande wa jiko kwa saa mbili, mimi nikasimama pembeni nimejishika kiuno kama mkuu wa wilaya. Mama aliporudi alikwenda nyuma, akasimama, akarudi. Akasema, "Umesafisha." Nikaitikia kwamba ndiyo, mama. Nikangoja anishukuru. Hebu nifikirie nimesimama pale nangoja kushukuriwa.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nililitafuna na gae lenyewe.

Barua yako ya Novemba ilipofika nilijua nimekosea, ila nilidhani nimekosea masomo yako tu. Nikasema nitasimamisha tripu ya pili na Aprili nitakuonyesha nusu, utanicheka, yataisha. Hii ya Desemba ilinifanya nirudi Dutumi. Safari hii nilimwambia mama kwamba anayeuliza ni mimi, na kwamba lile jaa liko chini ya sakafu yako.

Alipeta kwanza ungo mzima wa mpunga. Kisha akanieleza, bila kunitazama.

Unajua kwamba alituzaa marehemu mama yako Biubwa na mimi. Mimi nilijua kulikuwa na wengine wawili waliofariki. Walikuwa watano, Shamsia. Watano ambao hawakufikisha siku zao arobaini. Walizikwa kule bondeni, nyuma ya nyumba ya zamani, na mwaka wa sabini na nne watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa walipewa siku mbili tu za kuhama. Mimi nilikuwa mgongoni. Kaburi halibebeki. Kwa hiyo mama alikwenda kwenye jaa la mama yake, akajaza kapu moja la vigae, akalibeba kichwani mpaka pale Dutumi, akalimwaga nyuma ya jiko jipya. Hapo ndipo jaa lilipoanza. Halafu akafinyanga vijungu vitano vya kidole gumba, akaviweka ndani yake. Kila mwaka alivifunika kwa vigae vipya, na kimoja kikitokeza anakirudisha. Bondeni sasa ni mashamba ya watu, hajui hata mti upi ulikuwa wapi. Pale nyuma ya jiko ndipo alipokuwa akikaa nao.

Nikamuuliza viko upande gani. Akasema upande wa jiko.

Mimi mtu wa masijala. Sijawahi kupoteza hata barua ya likizo ya dereva. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniuliza tu kama hiyo sakafu imeshakauka.

Nyumba ni yako. Lusajo ana nyundo na mtaimbo, yuko tayari. Sema neno.

Mjomba wako


Kambini,
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya safari za Dutumi. Nimechelewa kujibu, na safari hii si kwa sababu ya mtandao.

Vunja.

Nataka ivunjwe sebule na vyumba vyote vitatu. Usiniambie kuhusu gharama ya zege. Lakini isivunjwe kama watu wanavyovunja. Anzeni chumba kimoja, mkimalize, ndipo mhamie kingine. Zege litoke kwa vipande vikubwa. Chini ya zege mtaimbo usishuke. Tumieni mikono na mwiko. Kila ndoo ipite kwenye chekeche la mchanga, kisha chekeche la unga. Kila chumba kiwe na gunia lake lenye jina. Kijungu kikionekana, kiachwe pale pale, kipigwe picha, na Bibi ndiye akitoe.

Kiongozi wangu ameniuliza kama nimepata jibu la vile vijungu vya hapa. Nimemwambia bibi yangu alinipa jibu lake, na kwamba ni lake. Sijui kama mama mmoja wa hapa alifanya vile alivyofanya Bibi. Yawezekana vya hapa vilikuwa vya kuchezea watoto, yawezekana mwanafunzi alikuwa anajaribu mkono. Kwenye daftari la vitu nimeandika kwamba kazi yake haijulikani, nikaiacha hivyo. Lakini sasa nikikiosha kimoja ninatumia vidole, mswaki nauweka kando.

Hukukusudia, mjomba, hilo nalijua. Nakwambia kwa sababu najua hulali. Ila bado nina hasira, na nitakuwa nayo kwa muda.

Shamsia


Kisarawe,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Shamsia,

Firdausi anakusalimu. Lusajo anakusalimu pia, na anaomba umsamehe, ingawa yeye kosa lake ni kupiga picha nzuri tu.

Sikukutii. Ngoja nieleze, kisha hasira yako uiongeze au uipunguze, mimi nitapokea vyovyote.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilipanga kila kitu kama ulivyoandika. Magunia manne nimeyaandika majina kwa kalamu ya wino mzito, na namba ya kumbukumbu kila moja, maana mazoea hayaachi. Machekeche mawili. Miiko. Nikamfuata mama Dutumi kwa gari la kukodi, kwa sababu uliagiza yeye ndiye avitoe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Picha ya Ndege, na nilimwona akitazama mabati mapya ya watu, mistari na mistari.

Tulipofika alikataa kiti. Alivua ndala mlangoni, nyumba ambayo haina hata mlango, akaingia. Lusajo alikuwa ameshachora mstari wa kuanzia pale sebuleni, ameshika nyundo. Mama akamuuliza hiyo nyundo ni ya nini. Lusajo akanitazama mimi. Nikamweleza mama kwamba tunawatoa, kwamba wewe umeagiza, kwamba itafanyika taratibu, kwa mikono, kitaalamu.

Akasema, "Mwinyimadi, mwaka wa sabini na nne niliwahamisha mimi. Septemba ukawahamisha wewe. Leo wamefika penye saruji, wana kuta pande nne, unawajia na nyundo?"

Nikasema ni agizo la Shamsia, mama.

"Shamsia hajazaa," akasema. "Mwambie wanangu hawajawahi kulala kwenye nyumba ya sakafu. Waache."

Lusajo akaiweka nyundo chini kama mtu anayelaza yai. Nikaanza kumwomba radhi, kwa sababu kumbe siku zote nilikuwa nimekiri tu, radhi sikuwa nimeiomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mama yangu halifanyi mara nyingi. Kisha akasema nimekonda, na kwamba mtu akikonda kwa kosa lake, mwache akonde kidogo.

Kuhusu masomo yako alisema hivi. Nusu iliyobaki kule nyuma ni kazi ya mikono yake na ya mama yake, haina mtu ndani yake. Aprili ukija uichambue mpaka ushibe, naye atakaa akuonyeshe kipi ni cha nani. Nimeizungushia fito, na kuku wamezuiwa. Hata mimi nimezuiwa.

Kisha alizunguka vyumba vyote, polepole, mkono ukutani. Kile cha katikati, chenye dirisha la mashariki, alisimama sana. Akaniuliza gari lilimwaga wapi kwanza. Nikamwambia nadhani ni hapo, ila sina uhakika. Akatandika kanga yake moja juu ya zege, akajilaza ubavu, mkono chini ya shavu. Nilidhani anapumzisha goti. Akalala usingizi.

Alilala saa mbili nzima, mchana kweupe, jua likitembea sakafuni mpaka likamfikia miguu. Mimi na Lusajo tulitoka nje tukasimama barazani, mahali ambapo baraza itakuwa. Gari la mchanga la jirani lilipokuja likipiga honi, Lusajo alilikimbilia barabarani akalizuia kwa mikono miwili. Dereva akauliza kuna msiba. Lusajo akasema hapana, kuna watu wamelala.

Mama alipoamka alikung'uta kanga, akajifunga, akatazama pembe zote nne za kile chumba kama mtu anayekipangisha. Nikamsogelea nimshike mkono. Akasema jambo moja tu kabla ya kuvaa ndala zake: "Chumba hiki kisiwe stoo."

Nimechukua chaki ya Lusajo nikayaandika maneno hayo ukutani, kwa mwandiko wangu wa ofisini, ili fundi yeyote atakayekuja asome. Mengine uamue wewe, nyumba ni yako.

Mjomba wako,
Mwinyimadi